Kuku Si Jaa la Nyumba



Wazee wetu husema, "Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura." Neno hili ni la kweli, na kila mwenye kuku uani amelithibitisha kwa macho yake. Kifaranga wa siku tatu hupara udongo kama mamaye, akadona, akatupa kisichomfaa, akaendelea. Lakini nimeona nyumbani mwangu ya kuwa methali hiyo njema yaweza kumlaza mtu usingizi. Kuku ajua kuchakura. Hajui kuupima mkono unaommwagia chakula. Akifungiwa uani, na njaa imemshika, atakula alichopewa, kiwe kizuri au kibaya.

Basi leo napenda kuzungumza nanyi, hasa akina mama wenye kushika jiko na walimu wenye kufuga kuku shuleni, juu ya mabaki ya jikoni: yapi ni chakula cha kuku, yapi ni sumu, na jinsi ya kuyatengeneza. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha.

KUKU 14

Sisi twakaa katika milima ya Usambara. Nchi yetu ina mboga tele: kabichi, karoti, viazi mviringo, maharage, na maparachichi. Mahindi pia twalima, lakini mvua ya milimani haina adabu, huja hata wakati wa kuvuna. Mwaka mmoja mahindi yetu yalinyeshewa yakiwa yamekwisha kukomaa, nasi kwa haraka tukayatia ghalani kabla hayajakauka sawasawa. Miezi miwili ilipopita, mke wangu akakuta mengi yameota ukungu, mengine wa kijani, mengine wa manjano, na punje zimeshikamana. Akayatenga katika kikapu, akaniambia, "Baba, haya tuyafukie."

Nikamjibu kwa kiburi cha mtu anayejiona mwekevu, "Tutafukiaje mahindi? Wape kuku. Kuku hana neno."

Wakati ule kuku wetu walikuwa 14, mitetea 12 na majogoo 2. Mayai yao yalikuwa yamekwisha kupangiwa kazi yote: sare na madaftari ya binti yetu, aliyekuwa ataingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Kila Jumamosi mke wangu aliyapeleka sokoni, na fedha akazitia katika kopo.

Juma la tatu mayai yakaanza kupungua. Kisha kuku wakawa wakijikunyata pembeni, mbawa zikining'inia, undu wa kichwani umepauka. Mmoja akafa, halafu wawili, halafu mmoja tena. Hata ulipokwisha mwezi wa pili walikuwa wamekufa 9, na kopo halikupata kujaa.

Nikafikiri moyoni: hiki si kideri, maana kideri huua kundi zima kwa siku chache, tena tulikuwa tumewachanja. Basi ni mtu. Nikamkumbuka jirani yetu mmoja, ambaye tulipata kushindana naye juu ya mpaka wa shamba. Sikumshitaki, wala sikusema neno mbele za watu. Lakini niliacha kumwamkia. Mimi, mwalimu, niliyewafundisha watoto wa wenzangu kuamkia wakubwa na wadogo, nilipita mbele ya mlango wa mtu yule kila asubuhi nikitazama chini.

Hata siku moja Bwana Mifugo akapita kijijini, nikamwita. Akampasua kuku aliyekufa usiku ule, akanionyesha ini lake. Lilikuwa limevimba, nalo limepauka, manjano hafifu kama udongo wa mfinyanzi. Mimi nilikuwa nikingoja aniulize, "Nani adui yako?" Yeye akauliza, "Huwalisha nini?"

Nikamletea kikapu. Akachukua punje chache, akazitazama, akasema, "Sikuapii kwa kutazama tu, kipimo cha maabara ndicho kikatacho shauri. Lakini ini la namna hii na mahindi ya namna hii nimeyaona pamoja mara nyingi." Kisha akanyamaza kidogo, akauliza tena, "Na ninyi wenyewe mwala mahindi ya ghala gani?"

Nikakosa la kujibu. Ghala ilikuwa moja.

SUMU ISIYOONEKANA

Ndugu msomaji, ukungu uotao juu ya mahindi na karanga ni wa aina nyingi. Aina moja, ambayo wataalamu huiita Aspergillus flavus, hutoa sumu iitwayo kwa Kiswahili cha siku hizi sumukuvu. Sumu hiyo ilianza kujulikana sawasawa kwa ajili ya ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000. Watu wasipojua ni ugonjwa gani, wakauita kwa herufi ya X tu, hata ilipoonekana ya kuwa ndege wale walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, nayo yalikuwa na sumu ya ukungu.

Wala si ndege peke yao wadhurikao. Mwaka 2004 katika nchi jirani ya Kenya, upande wa Ukambani, huko Makueni, Kitui na penginepo, waliugua watu 317, na katika hao 125 walikufa. Mahindi yao yalikuwa yamewekwa na unyevu, kama yetu.

Yafaa tujue mambo manne juu ya sumu hii. Kwanza, moto wa jikoni hauimalizi. Uji ukichemka saa nzima, sumu ingali imo. Pili, kuupangusa ukungu au kuuosha hakutoshi, maana sumu imekwisha kuingia ndani ya punje. Tatu, ng'ombe akila mahindi hayo sumu hupita katika maziwa, na kuku akila, nyingine yaweza kufika katika ini na mayai. Basi anayesema, "Tutawapa kuku, sisi tutakula mayai," ameizungusha sumu tu na kuirudisha mezani. Nne, huweza kudhuru polepole pasipo kuonekana: ndege hanenepi, hatagi vema, na magonjwa mengine humshika upesi.

Kwa hiyo mahindi, karanga, mashudu, pumba, mkate au ugali ulioota ukungu usipewe kuku, wala bata, wala nguruwe, wala ng'ombe. Fukia shimoni mbali na uani, mahali kuku wasipoweza kuchakura.

Na dawa iliyo bora ni kuyakausha mahindi kabla ya kuyaweka. Mahindi ya ghalani yatakiwa yasizidi unyevu wa sehemu 13 katika 100. Nyumba zetu hazina chombo cha kupimia, lakini chupa na chumvi tunazo. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu, yenye kifuniko. Tia mahindi hata robo yake, kisha chumvi kavu vijiko viwili. Tikisa kwa dakika chache, halafu uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandama ubavuni mwa chupa, mahindi yangali na maji. Yarudishe juani juu ya turubai au chanja, usiyaanike juu ya udongo mtupu. Chumvi ikianguka chini yote, waweza kuyaweka.

MABAKI YAFAAYO

Nisije nikawatia hofu hata mkawanyima kuku wenu mabaki yote. Mabaki mazuri ni mali. Kuku akipewa majani mabichi hupata vitamini ambazo hazimo katika mahindi meupe, na kiini cha yai lake huwa cha manjano ya kupendeza. Kuku aliyefungiwa muda mrefu bila majani huweza kuvimba macho kwa kukosa vitamini A.

Katika mboga, mpe mchicha, majani ya nje ya kabichi, sukuma wiki, majani ya maboga, majani ya viazi vitamu, na karoti pamoja na majani yake. Katika matunda, mpe papai pamoja na mbegu zake, maganda ya tikiti, maembe yaliyoanguka yakiwa hayajaoza, na boga lililopasuliwa. Maganda ya ndizi na ya viazi vitamu yanafaa yakichemshwa na kukatwakatwa. Wali, ukoko, ugali, na viazi vilivyopikwa vyafaa pia, iwapo ni vya leo na havina chumvi nyingi wala mafuta mengi. Wakaao pwani wana machicha ya nazi. Nayo ni mema siku ile ile yalipokamuliwa, lakini yakilala huchacha.

Tena kuku hutaka chakula cha kujenga mwili. Mchwa, kumbikumbi na panzi wampendeza kuliko vyote. Vichwa vya dagaa wasiotiwa chumvi, vikisagwa, vyafaa sana kwa mitetea.

MABAKI YA HATARI

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa maana vitu hivi vimo katika jiko la kila mmoja wetu.

Muhogo. Ganda la muhogo mbichi lina sumu nyingi kuliko nyama yake, na muhogo mchungu ndio mbaya zaidi. Usimmwagie kuku maganda mabichi. Yakate vipande vidogo, uyaanike juani juu ya chanja hata yakauke na kuvunjika mkononi. Hapo sumu yake hupungua sana. Hata hivyo yasiwe ndiyo chakula chake chote.

Maharage mabichi. Punje zilizopepetwa na zile zilizovunjika mara nyingi hutupwa uani. Zina kitu kiudhuricho utumbo, nacho huisha kwa kuloweka na kuchemsha sana, si kwa kutia moto hafifu. Maharage yaliyoiva kabisa hayana neno.

Viazi mviringo. Kiazi kilichogeuka rangi ya kijani kwa kupigwa na jua, na vichipukizi vyake, vina sumu ambayo kupika hakuiondoi. Maganda ya kijani yatupwe shimoni.

Parachichi. Hapa kwetu Usambara maparachichi huoza chini ya miti, nasi twaona ni riziki ya kuku. Lakini majani, ganda na kokwa la parachichi vina sumu iitwayo pesini, nayo huudhuru moyo wa ndege. Nyama ya tunda ina sumu kidogo, lakini kwa kuwa kuku hatenganishi nyama na ganda, ni heri asipewe kabisa.

Chumvi. Maji yaliyooshea samaki wa chumvi, mchuzi uliokolea, na ng'onda hazifai. Mwili wa kuku hauvumilii chumvi nyingi; atakunywa maji mno, ataharisha, na mwisho aweza kufa. Chumvi iliyo katika maji ya kunywa ni mbaya kuliko ile iliyo katika chakula.

Mbegu za dukani. Mahindi ya kupanda hupakwa dawa, nayo hutiwa rangi nyekundu, kijani au buluu ili watu wayatambue. Yakibaki msimu ukiisha, usiyaoshe na kumpa kuku. Ni sumu kwake, na ni sumu kwa mwenye kumla.

Mboga zilizopigwa dawa. Bustani nyingi za milimani hupigwa dawa ya wadudu. Soma juu ya chupa ni siku ngapi zatakiwa kupita kabla ya kuvuna. Siku hizo ni kwa ajili ya kuku vilevile. Mboga ambayo hungethubutu kuipika leo, usiitupe uani leo.

Matumbo na manyoya. Kuku anunuliwaye sokoni na kuchinjwa nyumbani huweza kuwa na kideri ambacho hakijaonekana. Ukiwatupia kuku wako matumbo yake, umekiingiza kideri kwa mkono wako mwenyewe. Matumbo, manyoya na maji ya kuoshea yafukiwe. Mabaki mengine ya nyama yachemshwe kwanza. Na kuchanja kusisahauliwe. Mwulizeni Bwana Mifugo wa mahali penu siku za chanjo.

JINSI YA KUYATOA

Mtetea mkubwa aliyefungiwa hula kama gramu 120 za chakula kikavu kwa siku. Kama ni wa aina ya kisasa, alishwaye chakula cha dukani, mabaki yasizidi sehemu moja katika kumi ya chakula chake. Yakizidi, hushiba majani na maji, naye hupunguza kutaga. Kuku wa kienyeji atembeaye mchana kutwa hujitafutia mengi mwenyewe. Huyo mpe mabaki mchana, na jioni mahindi au mtama kidogo ili azoee kurudi bandani.

Wekeni jikoni vyombo viwili vyenye vifuniko. Kimoja ni cha kuku, cha pili ni cha shimo. Anayemenya na atenge pale pale, maana vitu vikichanganyika hakuna atakayevichambua. Chombo cha kuku kitolewe siku ile ile, kisilale.

Kateni mboga ndogo ndogo. Majani marefu yenye nyuzi huweza kujikunja na kuziba kifuko cha kooni. Mboga nzima, kama kabichi, ifungeni kwa kamba na kuitundika kimo cha kichwa cha kuku. Hivyo hawaikanyagi wala kuichafua kwa mavi. Chakula kingine kitieni katika karai au sinia, si juu ya udongo. Toeni kiasi watakachomaliza kwa nusu saa. Kinachobaki kiondolewe kabla ya giza, kwa maana mabaki ya usiku huita panya, na panya huita nyoka.

Pasikose maji safi, wala changarawe. Kuku hana meno. Vijiwe vilivyo katika firigisi ndivyo vimsagiavyo majani na punje.

Na maganda ya mayai msiyatupe. Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalisi, na mtetea hutoa nyingine kila atagapo. Yaanikeni, yakaangeni kidogo juu ya moto mpaka yavunjike kwa urahisi, kisha yatwangeni. Msiwape yakiwa mazima, wasije wakajifunza kula mayai yao wenyewe. Wakaao karibu na Tanga na pwani yote watwange kombe za baharini. Kazi yake ni ile ile.

NENO KWA WALIMU

Walimu wenzangu, shule yenye jiko la watoto ina mabaki mengi kuliko nyumba yoyote, na hatari yake ni kubwa kwa kadiri hiyo. Wapeni wanafunzi zamu ya kuchambua, wawili wawili. Waonyesheni kwa chupa na chumvi jinsi ya kupima mahindi, nao watakwenda kuwafundisha wazazi wao. Mtoto aliyezoea kuuliza, "Je, hiki chamfaa kuku?" hatakosa kuuliza, "Je, chatufaa sisi?"

Namalizia habari yangu. Siku ile Bwana Mifugo alipokwenda zake, tuliitoa ghala yote. Mke wangu hakusema, "Nilikuambia." Alitwaa ungo akaanza kuchambua, na kimya chake kilinilemea kuliko maneno. Gunia mbili na nusu tulizifukia, tukanunua mahindi mengine kwa fedha za kopo. Sare ya binti yetu tuliipata kwa mkopo, tukailipa mpaka mwezi wa Juni.

Jioni ile ile nikaenda kwa jirani yangu. Nikamwamkia, nikamweleza yote niliyoyawaza juu yake, bila kuficha. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mimi nilidhani wanuna kwa ajili ya mpaka." Halafu akauliza mahindi yale yalikuwaje. Nikamweleza rangi yake na harufu yake. Akaondoka kitini pasipo neno, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na debe la kulishia kuku wake. Tukalitazama pamoja kwa mwanga wa taa. Lilikuwa kama letu.

Tulilifukia usiku ule, yeye akichimba nami nikimulika. Ndugu zangu, laiti ningalimwamkia mwezi mmoja mapema, angalinionyesha debe lake, au mimi ningalimwonyesha kikapu changu, na huenda kuku wa nyumba mbili wangalipona. Yeye walikuwa wamemfia watatu, naye hakumwambia mtu, kwa kuwa alimdhania mtu. Sikumwuliza ni nani.